Puto la Baba na Mwana

Shuleni nilidhani mtu akitaka kuona nyota vizuri zaidi anatafuta darubini kubwa zaidi, basi. Kumbe kuna mwanga ambao hata ukiwa na darubini ya ukubwa wa uwanja wa Kasarani, hauuoni ukiwa hapa chini. Nyota, jua likiwa mojawapo, hutoa miale ya urujuanimno, lakini ozoni iliyo juu yetu humeza sehemu yake kubwa. Ni bahati yetu, maana miale hiyo ingetuunguza ngozi na macho. Kwa mchunguzi wa nyota, hilo ni pazia.

Mwaka 1934 Erich Regener wa Stuttgart, Ujerumani, na mwanawe Victor walilichungulia. Walifunga spektrografu, chombo cha kuchambua mwanga, kwenye puto lisilobeba mtu, wakaliachilia. Lilipanda takriban kilomita 30. Kadiri chombo kilivyoacha ozoni chini yake, ndivyo urujuanimno wa jua ulivyozidi kujitokeza kwenye picha. Halafu sasa ungoje kianguke, ukitafute, maana picha zote zimo ndani.

Mwaka 1937 Wanazi walimfukuza Regener chuoni. Kosa? Mkewe alikuwa na asili ya Kiyahudi. Victor akahama nchi. Mwaka 1942 utawala uleule ukamrudia mzee: Wernher von Braun alitaka vyombo vya kupima anga ya juu kwa roketi ya V-2. Regener akakubali.

Hapo mimi husita kila mara. V-2 zilikuja kuundwa na wafungwa waliokufa kwa maelfu, na siwezi kumsafisha. Ila naielewa tamaa ya mtu aliyelisogeza pazia kidogo tu, kisha akaahidiwa kulivuka. “Pipa la Regener”, kama chombo chake kilivyoitwa, halikuwahi kurushwa.

Tarehe 10 Oktoba 1946 Wamarekani walirusha V-2 ya kutekwa huko New Mexico, na spektrografu yao wenyewe ikavuka ozoni. Victor naye aliishia kufundisha chuo kikuu katika jimbo hilohilo.

Maputo, lakini, hayakustaafu. Baadaye watafiti wa Geneva na Marseille waliyatumia kupandisha darubini hadi kilomita 40 hivi. Ozoni haijaisha huko, ila kuna upenyo: miale ya karibu nanomita 200 hupita. Wakapiga picha za nyota changa zenye joto kali, zinazong’aa sana katika mwanga huo.