Maji ya farumi: abiria wasiolipa nauli

Mabaharia wa majahazi wanalijua hili: chombo kisicho na shehena huyumba. Dawa yake ilikuwa farumi, yaani mawe au mchanga wa kukipa uzito. Meli za chuma zilipoenea katika karne ya 19, maji yakachukua nafasi ya mawe. Pampu inavuta maji bandarini na kujaza matangi. Meli ikifika inakopakia mzigo, inayamwaga. Rahisi, sivyo? Lakini hebu fikiria kilichomo ndani ya maji hayo: mwani, bakteria, mayai na viluwiluwi vya wanyama wa baharini.

Bahari Nyeusi ilionja uchungu wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alionekana huko Mnemiopsis leidyi, mnyama laini anayefanana na yavuyavu, ambaye kwao ni pwani za Atlantiki za bara la Amerika. Wanasayansi wanaamini alisafiri ndani ya maji ya farumi. Mnyama huyu ana jinsia zote mbili, kwa hiyo hata mmoja peke yake anaweza kuzaa. Anakula viumbe vidogo vinavyoelea, ambavyo ndivyo chakula cha dagaa, na mayai ya samaki pia hayaachi. Kufikia mwisho wa muongo huo, uvuvi wa dagaa ukaporomoka. Usimtwishe lawama zote: wavuvi nao walikuwa wameshavua kupita kiasi. Mwaka 1997 akatokea Beroe ovata, anayemla Mnemiopsis, na idadi ya mgeni wa kwanza ikapungua. Ikapungua tu, haikuisha.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mafuta yakimwagika baharini, hayaongezeki. Kiumbe hai anazaana. Kwa hiyo kazi yote lazima ifanyike kabla maji hayajamwagwa.

Njia ya kwanza ilikuwa kubadilisha maji katikati ya bahari, ikiwezekana maili 200 kutoka pwani, maana viumbe wa pwani huko hupata shida kuishi. Lakini tope la chini ya tangi hubaki na wakazi wake, na bahari ikichafuka kazi hiyo ni hatari.

Mwaka 2004 nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) zikapitisha mkataba. Ili uanze kazi, zilihitajika nchi 30 zenye asilimia 35 ya uzito wa meli za biashara duniani. Kenya ilijiunga mapema; Finland ilipojiunga Septemba 2016, hesabu ikatimia. Mkataba ukaanza kutumika tarehe 8 Septemba 2017. Miaka 13 hiyo! Na meli za zamani zikapewa muda zaidi, hadi 2024.

Siku hizi maji hupita kwanza kwenye chujio, kisha hupigwa mionzi ya urujuanimno inayoharibu DNA ya viumbe. Mitambo mingine hupitisha umeme kwenye maji ya chumvi ili yatengeneze klorini yenyewe, na klorini hiyo huondolewa nguvu kabla ya kumwaga. Maji yakiwa na tope jingi, mionzi haipenyi vizuri.

Kiwango kinachotakiwa? Viumbe hai chini ya 10 wenye ukubwa wa milimita 0.05 au zaidi katika kila lita 1,000. Sio sifuri. Na meli kubwa hubeba mamilioni ya lita. Sasa mkumbuke tena yule anayeweza kuzaa akiwa peke yake.