Nyimbo za Tango na Kilio cha Walioachwa



Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Maana adui wa mbali waweza kumkimbia, lakini akuumizaye moyo ni yule uliyemfungulia mlango wewe mwenyewe. Leo tutazame habari za nyimbo zilizojaa neno hilo, nazo ni nyimbo za tango za Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina.

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, merikebu zilileta katika mji ule maelfu ya watu, wengi wao kutoka Italia na Hispania. Hata watu walipohesabiwa mwaka 1914, karibu nusu ya wenyeji wa mji walikuwa wazaliwa wa ng'ambo. Wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake, na maskini walipanga katika majumba yaitwayo conventillo, ambamo mara nyingi watu wa nyumba moja walikaa wote chumba kimoja. Mgeni wa namna hiyo akipata mpenzi, amepata mke na ndugu na nchi pia. Akimpoteza, amepoteza yote.

Hapo kwanza tango ilikuwa zaidi ngoma ya kuchezwa; na maneno yake, kama yalikuwapo, mara nyingi yalikuwa ya majivuno na mzaha. Mwaka 1917 mambo yaligeuka. Pascual Contursi alikuwa ametia maneno katika muziki wa Samuel Castriota, na wimbo huo, "Mi noche triste", yaani usiku wangu wa huzuni, ukaimbwa na Carlos Gardel na kutiwa katika santuri. Humo mwanamume aliyeachwa hajivuni wala hatishi, analia. Kila kitu chumbani chamkumbusha aliyekwenda zake, hata gita lililotundikwa kabatini pasipo mtu wa kulipiga.

Watungaji wengi wakaifuata njia ile. Lakini yatupasa kupima kwa haki. Katika nyimbo nyingi mshitaki ni mwanamume, na mwanamke hapewi nafasi ya kujibu. Husemwa kuwa haini, aliyeuza mapenzi ya kweli kwa hariri na taa za majumba ya densi. Bali ule umaskini aliokuwa akiukimbia hautajwi sana. Kweli, mwaka 1920 Samuel Linnig, katika "Milonguita", alimwonea huruma msichana aliyepotezwa na starehe za usiku. Lakini huruma hiyo haikuwa ya kila mtungaji.

Kisha, mwaka 1930, dhiki ya biashara ilipokuwa ikienea duniani, Enrique Santos Discépolo alitoa "Yira, yira". Humo haini si mpenzi tena. Ni ulimwengu wenyewe, usiomwokoa mtu siku ya shida. Ndipo ikadhihirika kwamba kilio kile hakikuwa cha mapenzi peke yake. Kilikuwa pia kilio cha watu walioahidiwa mema ng'ambo ya bahari, wakakuta chumba kimoja na upweke.

Gardel alikufa katika ajali ya ndege huko Medellín, Kolombia, mwaka 1935, lakini santuri zake zingali zinasikilizwa. Wala si ajabu, kwani mwenye kovu usidhani kapoa.