Safu ya Lugha: Nasibu
Huku Kapata, katika eneo la Kolwezi ambako urani huambatana na shaba, kama ijulikanavyo kwa machimbo ya Musonoi, husikika watu wakisema kwamba chombo "kimekosa" kila kinapotoa hesabu mbili mbalimbali za mnururisho wa jiwe moja. Tamko hilo halistahili: kosa ni la chombo au la mpimaji, ilhali atomu ya urani huvunjika kwa nasibu, neno la Kiarabu lenye asili ya fungu aliloandikiwa mtu. Tangu mwanafizikia Max Born, mwaka 1926, wanachuoni wa fizikia ya kwanta hutaja uwezekano tu, wala hawaagui saa ya kuvunjika kwa atomu moja. Wala nasibu si sadfa: sadfa ni mambo mawili kukutana pasipo kukusudiwa. Basi, wastani ukiwa 100 kwa dakika, 93 na 108 ni nasibu halisi. Ikija 300, hapo ndipo pa kukishuku chombo.