Mstari Mmoja wa Makutupora

Wasifu wangu wa kwanza wa kuombea kazi ulikuwa kurasa nne. Wa marehemu baba ulikuwa nusu ukurasa, na mstari uliobeba uzito ni mmoja tu: JKT Makutupora, miaka ya 70.

Nilidhani ni uvivu, kumbe ni historia. JKT ilianza 1963. Mwaka 1966 serikali ikataka wasomi nao watumikie miaka miwili, sehemu kubwa kwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana Oktoba 22. Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, kisha akajikata mshahara wake asilimia 20. Waliofuata walilima na kupiga kwata. Msomi akimaliza, serikali ndiyo inampangia kazi. Ajinadi kwa nani?

Utaratibu ulisitishwa 1994, ukarudi 2013. Sasa kijana akitoka kambini anajaza Ajira Portal, anafanya usaili wa mchujo, halafu wa mahojiano.

Kwenye usaili wangu niliulizwa, "Umefanya nini hasa?" Kurasa zote nne zikanipotea. Baba angetaja shamba alilolima. Niliporudi nyumbani nilifuta kurasa tatu, nikabakiza ninachoweza kukisimulia bila karatasi.