Wapi pa kumfungulia mbwa mnyororo jijini Dar es Salaam

Katika mitaa mingi ya Goba, Tegeta, Mbezi Beach, Mbagala na Chamazi, ni kawaida kukuta lango la chuma lenye kibao kilichoandikwa "Mbwa Mkali". Nyuma ya lango hilo mbwa mwenyewe hushinda bandani au kwenye mnyororo tangu alfajiri, na hufunguliwa usiku wenye nyumba wanapokwenda kulala. Mbwa wa namna hiyo haujui mtaa wake, wala mtaa haumjui. Siku lango linaposahauliwa wazi, hukutana kwa mara ya kwanza na watoto wanaotoka shule, bodaboda, mbuzi na mbwa wenzake, na hapo ndipo sifa iliyoandikwa kwenye kibao inapothibitika.

Wafugaji wanaotaka kumlea mbwa kwa njia nyingine, yaani atembee, akimbie na azoee watu, hukumbana mapema na swali la mahali. Miji mingi ya Ulaya na Marekani ina viwanja vilivyozungushiwa uzio ambamo mbwa huachwa bila kamba. Bustani ya Ohlone ya Berkeley, California, iliyoanza mwaka 1979, huhesabiwa kuwa ya kwanza nchini Marekani. Jirani zetu wa Nairobi wana msitu wa Karura, ambamo mbwa huruhusiwa kuingia, ila kwa kamba. Dar es Salaam haina bustani ya umma iliyotengwa kwa ajili hiyo, si Kinondoni wala Temeke, na jiji ambalo watoto wake wenyewe wananyang'anyana vichochoro vya kuchezea mpira halielekei kuipata karibuni.

Kwa hiyo anayetafuta pa kumfungulia mbwa wake hana budi kutafuta saa kabla ya kutafuta mahali. Mahali pale pale panaweza kufaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na pasifae kabisa saa nne.

Mfano ulio bora ni pwani. Bahari ya Dar es Salaam hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvu, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa huzidi mita tatu. Maji yakipwa, fukwe zenye mteremko mdogo hufunua uwanda mpana wa mchanga mgumu, usio na gari, usio na kona, ambamo mbwa huonekana kutoka mbali. Hakuna uwanja mwingine jijini unaoshindana na huo kwa ukubwa. Tatizo ni kwamba siku za bamvu lenyewe maji hupwa mnamo saa nne na saa tano asubuhi, jua likiwa limekwisha kuwa kali. Siku zinazofaa zaidi ni tatu au nne kabla ya mwezi mpevu au mwandamo, ambapo kwa kawaida maji hupwa kati ya saa moja na saa mbili asubuhi. Mwezi ukiwa nusu, hupwa alasiri na jioni, lakini hayo ni maji mafu, hayaendi mbali. Mamlaka ya Bandari huchapisha jedwali la maji la kila mwaka, na asiyekuwa nalo anaweza kumuuliza mvuvi yeyote, ambaye atamjibu bila kufungua kitabu.

Upande wa Kinondoni, ufukwe unaojulikana kuliko wote ni Coco, Oysterbay. Siku za kazi, alfajiri, panafaa. Jumamosi na Jumapili jioni hapafai hata kidogo: umati ni mkubwa, na chini ya miguu ya umati huo kuna vijiti vya mishikaki. Kijiti chenye harufu ya nyama mbwa hukimeza kizima, nacho huweza kutoboa utumbo. Vipande vya chupa navyo havikosekani. Anayemwachia mbwa wake Coco asubuhi ya Jumatatu, kabla takataka za Jumapili hazijazolewa, amejitafutia safari ya kwa daktari wa mifugo.

Kuanzia Kawe kwenda Mbezi Beach, Kunduchi, Ununio na Mbweni, mchanga ni mwingi zaidi na watu ni wachache, ila njia za kuufikia zimebanwa na kuta za hoteli na nyumba za watu. Ni vyema kukumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Kuta zipo, na sheria ipo. Mwenye mbwa hana haja ya kugombana na mlinzi wa mtu, bali atafute kichochoro ambacho wavuvi hupita.

Kunduchi kuna jambo la kuangalia kwa makini zaidi. Pale ni diko la wavuvi, na wavuvi huwatupa ufukweni samaki wasioliwa. Mmoja wao ni bunju, samaki anayejivimbisha kama mpira, ambaye jina lake linafanana na la kata ya Bunju iliyo mbele kidogo kwenye barabara ya Bagamoyo. Sumu yake hupooza misuli ya kupumulia na haina dawa ya kuitengua. Mbwa mwenye njaa hawezi kuagizwa kuchagua samaki, kwa hiyo karibu na diko kamba isifunguliwe.

Kwa wakazi wa Temeke, mambo yalibadilika Kigamboni ilipofanywa manispaa inayojitegemea mwaka 2016. Fukwe ndefu zilizokuwa zikihesabiwa kuwa za Temeke zikawa za Kigamboni. Hata hivyo, mwaka huo huo Daraja la Nyerere lilifunguliwa pale Kurasini, na mwenye gari anaweza kufika Mjimwema bila kusubiri kivuko cha Magogoni. Asiyekuwa na gari ana shida zaidi, kwa kuwa daladala haipakii mbwa, na dereva wa bajaji hukubali au hukataa kwa kuangalia ukubwa wa mnyama. Kutoka Mjimwema kuelekea Gezaulole na Kimbiji ndiko kwenye nafasi iliyo bora kuliko zote zilizotajwa hapa.

Lakini fukwe za kusini ya Kigamboni zina wenyewe. Kasa hupanda mchangani usiku kutaga mayai, na mayai hayo hukaa karibu miezi miwili kabla ya kuanguliwa. Pua ya mbwa huyagundua, makucha huyafukua, na kiota chenye mayai zaidi ya mia huweza kumalizika kwa asubuhi moja. Mbwa aachiwe chini, kwenye mchanga mgumu ulio karibu na maji, kamwe asiachiwe juu ambako mchanga ni mkavu na majani yameanza. Penye kijiti au alama ya kiota, mbwa afungwe mpaka papitwe.

Mbali na pwani, uchaguzi ni mdogo. Viwanja vya Tanganyika Packers, Kawe, na Mwembe Yanga, Temeke, ni vipana, ila ni vya mpira na mikutano. Mbwa anayekimbilia mpira katikati ya mechi hapati rafiki. Alfajiri siku za wiki huenda pakawa patupu, na hata hapo ni heri kumwarifu kwanza mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, pamoja na Pori la Akiba la Pande, ni hifadhi, si mahali pa kumwachia mbwa afukuze wanyama. Machimbo ya mawe na mchanga ya huko Wazo na Boko yana kingo zinazomomonyoka na madimbwi yenye kina kisichojulikana.

Bonde la Msimbazi nalo liachwe kabisa, hasa masika. Maji yake yamebeba uchafu wa nusu ya jiji, na mkojo wa panya ndani ya maji ya namna hiyo hueneza homa ya mgunda. Ugonjwa huo ulithibitishwa mkoani Lindi Julai 2022 na kuua watu watatu. Mbwa huugua pia, na huweza kumwambukiza anayemfuga. Chanjo ya mbwa ipo, na daktari wa mifugo aulizwe.

Kinachobaki ni viwanja vya watu visivyojengwa, navyo ni vingi kuanzia Goba na Madale hadi Chamazi na Mbande. Kiwanja kilichozungushiwa ukuta kikisubiri fedha za msingi ndicho kinachokaribia zaidi bustani ya mbwa ya Ulaya. Mwenyewe, mara nyingi, hufurahi kupata mtu wa kukifyekea majani na kuwazuia wavamizi. Kabla ya kumfungulia mbwa, kizungukwe kwa miguu: nyoka, shimo la choo lililoachwa wazi, nondo zilizochomoza na mchicha wa mlinzi ni mambo ya kujua mapema.

Popote patakapochaguliwa, kibali kikubwa zaidi ni cha majirani. Waislamu wengi wa Pwani hufuata madhehebu ya Imam Shafi, ambayo huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito: kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mtu aliyetawadha, aliyevaa kanzu akielekea msikitini, akirukiwa na mbwa mwenye pua mbichi, hasumbuliwi na woga. Amevunjiwa maandalizi ya ibada, na "samahani mzee, hang'ati" si jibu. Mwenye mbwa anayejua saa za swala za mtaa wake huchagua njia nyingine saa hizo. Mafundisho hayo hayo hayakatazi mbwa wa ulinzi wala wa mawindo, na wazee wengi huzungumza kwa upole na mtu aliyeonyesha kwamba anajua mpaka uko wapi.

Kisha ipo hofu ya kichaa cha mbwa, ambayo haikuzuka bure. Inakadiriwa kuwa ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa Tanzania ni watu 1,500. Karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikishaonekana, hakuna tiba. Mbwa huchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Ofisa mifugo wa kata ndiye wa kuulizwa, na kila inapokaribia Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri nyingi huchanja bila malipo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba mbwa wake amechanjwa.

Sheria nayo haijanyamaza. Kanuni ya Adhabu inamhesabu kuwa na kosa mtu anayezembea kumdhibiti mnyama wake akahatarisha wengine. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mfugaji amkinge mnyama na njaa, kiu, maumivu na hofu, na ampe nafasi ya kuishi kwa tabia zake za asili. Mbwa wa mnyororo wa kutwa nzima hana nafasi hiyo. Mbwa asiye na mkanda shingoni naye yumo hatarini, kwa sababu miji kadhaa nchini imewahi kuendesha operesheni za kuwaua mbwa wazururaji, na mpiga risasi haulizi jina la mwenyewe.

Ndiyo maana hatua ya kwanza hufanyika nyumbani. Mbwa asiyerudi akiitwa uani hatarudi akiitwa ufukweni. Wakufunzi huanza na kamba ndefu ya mita kumi, ikiburuzwa mchangani, ili mbwa adhani yuko huru na mwenyewe awe na pa kukanyaga. Zawadi ya kipande cha dagaa au ini kila arudipo hufanya kazi ambayo fimbo haiwezi. Baada ya wiki kadhaa za kurudi bila kukosa ndipo kamba huondolewa, kwanza penye uzio, kisha pwani.

Miezi ya Novemba hadi Machi joto ni la kuua. Mbwa hupunguza joto kwa kuhema, si kwa jasho, na wenye pua fupi huzidiwa upesi. Kiganja kisichoweza kutulia juu ya lami kwa sekunde tano kimekwisha kutoa jibu. Maji ya kunywa yabebwe, kwa kuwa mbwa mwenye kiu hunywa ya bahari na kuharisha. Akirudi nyumbani asuuzwe chumvi na akaguliwe kupe masikioni na katikati ya vidole.

Kinyesi ni suala la watoto wa wengine. Mabuu ya minyoo ya mbwa hukaa mchangani na hupenya ngozi ya mguu mtupu, yakiacha mstari mwekundu unaojipindapinda na kuwasha usiku kucha. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku, kwa hiyo kisingizio kipo tayari. Lakini kurasa mbili za gazeti la jana zinatosha kuzoa, na hufunikwa kwa nyingine mbili hadi kwenye pipa la nyumbani, kwa sababu pipa la ufukweni mara nyingi limejaa au halipo.