Mafuta Mingi, Tangi Kavu: Historia Fupi ya Kazi ya Mafundi wa Katwe

Wakati wa likizo nilimsindikiza mjomba wangu hadi Katwe, Kampala, kumpelekea fundi Kombi kuukuu ya Volkswagen. Zamani ilikuwa gari-nyumba: ndani mna kitanda cha kukunja, kabati na nafasi ya jiko, kama magari ambayo wasafiri wa Ulaya waliyatumia kuvuka Afrika. Lilikuwa likiwaka, linakwenda kidogo, kisha linazima. Fundi hakuigusa injini. Alifungua chujio la mafuta, akamimina kiganjani vumbi jekundu. "Ugonjwa uko kwenye tangi, mwanangu," akaniambia. Insha hii inaeleza kazi aliyoifanya, na inadai kwamba kazi hiyo imekuzwa na historia ya uhaba nchini Uganda.

Kwanza tuangalie jinsi tangi linavyoharibika. Tangi lililojaa petroli halina nafasi ya hewa nyingi. Tangi lililo nusu tupu lina hewa yenye unyevu, na usiku ukiwa baridi unyevu huo hugeuka matone. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo huzama na kukaa chini, na hapo ndipo kutu huanzia. Petroli nayo ikikaa miezi mingi huacha gundi inayoziba mirija na kabureta. Kwa hiyo adui wa tangi si safari, bali ni gari kusimama bila mafuta ya kutosha. Na Kampala imewahi kusimama mara nyingi.

Katwe yenyewe ilikuwa na mafundi na wafanyabiashara Waafrika tangu wakati wa ukoloni, kwa kuwa ilikuwa nje ya mipaka ya mji wa Wazungu, chini ya Mengo. Mwaka 1959 mfanyabiashara wa hapo, Augustine Kamya, alikuwa miongoni mwa viongozi wa mgomo wa kususia maduka ya Waasia. Hata hivyo, biashara kubwa ya magari na vipuri iliendelea kuwa mikononi mwa Waasia kwa kiasi kikubwa.

Hali ilibadilika ghafla tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alipotangaza kwamba Waasia waondoke, akawapa siku 90. Maduka na viwanda viligawiwa wanajeshi na watu waliokuwa karibu na serikali. Wengi wao hawakujua kuagiza bidhaa, na mara fedha za kigeni nazo zikakosekana. Matajiri hawa wapya waliitwa "mafuta mingi". Sisi wanafunzi wa Kiswahili tungesahihisha haraka: mafuta mengi! Lakini jina lilienea hivyo hivyo, nalo lilimaanisha unono wa mtu aliyeshiba wakati jirani ana njaa. Sambamba nalo likatawala neno "magendo", ambalo mwanazuoni Nelson Kasfir alilitumia katika makala yake ya mwaka 1983 kuhusu dola na matabaka nchini Uganda. Kinaya chake ni kwamba mji wa "mafuta mingi" ulikuwa mji wa matangi makavu.

Uganda haina bandari, na mafuta yake mengi hupitia Mombasa. Baada ya uvamizi wa Entebbe wa Julai 1976, uhusiano na Kenya uliharibika, mafuta yakakwama, na magari yakakwama pia. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwanzoni mwa mwaka 2008 vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya zilifunga njia hiyo tena. Januari 2022 malori yalipanga foleni Malaba na Busia kwa sababu ya vipimo vya korona, bei ikapanda Kampala. Kila mara kama hizo watu hununua mafuta ya madumu na kutia lita mbili tatu tu. Uchafu wa dumu huingia tangini, na nafasi tupu hukaribisha maji.

Sasa turudi kwa fundi. Tangi la Kombi hiyo liko nyuma, juu karibu na injini, hivyo injini ilishushwa kwanza. Petroli iliyobaki ilimwagwa katika dumu, geji ikafunguliwa. Walitia maji ya sabuni pamoja na kokoto, wakaziba matundu, na vijana wawili wakalitikisa tangi kwa zamu hadi mikono ikachoka. Maji yalitoka mekundu. Wakarudia mpaka yakatoka safi. Chini palionekana vitundu viwili.

Hapo kijana mmoja alikwenda kuwasha mtungi wa gesi, na mzee akampigia kelele. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli huweza kulipuka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 tu ya hewa. Mzee aliligeuza tangi kichwa chini, akalijaza maji hadi karibu na vitundu ili mvuke ukose pa kukaa. Kisha alivilehemu kwa chuma chenye kichwa cha shaba, kilichopashwa moto kwenye sigiri mbali na pale. Kanuni hiyo aliipata kwa mwalimu wake, kwa mdomo. Kijana hakuwa amefundishwa bado.

Kuna jambo lisilopendeza pia. Maji yale mekundu yalimwagwa mtaroni. Mitaro ya mitaa hii huelekea mfereji wa Nakivubo, nao huingia Ziwa Viktoria upande uleule ambako Kampala huchota maji yake ya kunywa, Gaba. Kusifu ufundi kusitufanye tufumbe macho.

Kwa kuhitimisha, historia ya Amin tunaisoma kupitia matangazo, vita na idadi ya waliofukuzwa. Ni nadra kusoma jinsi mji ulivyoendelea kutembea baada ya vipuri kwisha. Jibu moja liko Katwe, kwa wazee ambao maarifa yao hayajaandikwa. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Lugha hiyo tunayo sasa. Napendekeza tuanze kuitumia kuandika kanuni za mzee yule, kabla kijana mwingine hajawasha moto bila mtu wa kumpigia kelele.