Kaseti za kale na kompyuta ndogo: namna ya kuingiza sauti ya stirio

Nyumba nyingi za pwani bado zina kaseti kabatini: taarabu za Juma Bhalo na Zein l'Abdin, kaswida za madrasa, harusi iliyorikodiwa uani, au salamu alizotuma mjomba kutoka Uarabuni. Hewa yetu ya chumvi na unyevu haizihurumii. Mkanda huota ukungu, hushikamana, na pengine hukubali kuchezwa mara moja tu kabla ya kukatika. Kwa hivyo matayarisho yote yamalizike kabla kaseti yenyewe haijatiwa kwenye redio.

Wengi siku hizi wana zile kompyuta ndogo za mezani, za kiasi cha kitabu. Ni nzuri kwa kazi hii, ila zina kasoro moja inayowasumbua watu: hazina mahali pa kuingizia sauti ya stirio, yaani njia mbili, ya kushoto na ya kulia.

Kosa huwa kwenye tundu

Tundu moja dogo lililoko mbele ya kompyuta hizi hutumika kwa spika za masikioni na maiki kwa pamoja. Ndani yake mna vigusio vinne: kushoto, kulia, adhi na maiki. Maiki hiyo ni njia moja tu. Ukichomeka waya wa kawaida wa stirio, wenye sehemu tatu, shina la plagi hugusa adhi na maiki pamoja, na kompyuta hudhani umechomeka spika za masikioni. Hapo utabadilisha mipangilio usiku kucha usipate kitu.

Hata ukipata adapta ya kutenganisha maiki, sauti itaingia njia moja, na itakuwa ya kukwaruza. Maiki hutoa umeme mdogo sana, wa kuhesabiwa kwa elfu za volti. Sauti inayotoka nyuma ya deki ni kama theluthi ya volti, mara nyingi zaidi ya ile.

Mac mini ya toleo la 2014 ilikuwa na tundu la kuingizia sauti. Toleo la 2018 lilikuja bila hilo. Raspberry Pi 4 ina tundu la kutoa sauti tu, na Raspberry Pi 5 haina hata hilo.

Chombo cha kununua

Dawa yake ni kadi ya sauti ya nje, ya kuchomeka kwenye USB. Lakini angalia unanunua ipi. Vile vidude vidogo vyenye tundu la spika na tundu la maiki, mara nyingi tundu la maiki ni la njia moja. Tafuta chenye maandishi LINE IN, au chenye matundu mawili ya duara, jeupe na jekundu. Behringer UCA202 ni mfano wa aina hiyo.

Kwa deki, tumia waya wa plagi nyeupe na nyekundu kila upande. Nyeupe ni kushoto, nyekundu ni kulia. Kwa redio ndogo ya mkononi, toa sauti kwenye tundu la spika za masikioni, uiweke nusu.

Mipangilio

Kwenye Windows, fungua mipangilio ya sauti, chagua kadi ya USB kuwa chombo cha kuingizia, na uhakikishe imewekwa njia mbili. Zima maboresho yote ya sauti, kwani hutengenezwa kwa mazungumzo na huweza kula sauti ya udi na fidla. Kisha toa ruhusa ya maiki kwa programu. Ruhusa hiyo huhitajika hata kama hutumii maiki, na kwenye Mac ni hivyo hivyo.

Kwenye programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, chagua kadi ya USB na njia mbili za kurikodi. Ikiwa inakupa njia moja tu, basi ama umechagua chombo kisicho, ama kadi yenyewe si ya stirio.

Kwa Linux, pamoja na Raspberry Pi, amri ya arecord -l itakuonyesha nambari ya kadi. Ikiwa ni 1, jaribu hivi:

arecord -D hw:1,0 -f cd jaribio.wav

Tumia hw, si plughw. Plughw huweza kuinakili njia moja ikawa mbili, ukadhani umepata stirio. Hw haidanganyi: kadi isipokuwa na njia mbili, itakataa.

Jaribio la kuchomoa

Cheza kaseti usiyoijali. Chomoa plagi nyeupe: kipimo cha kushoto kishuke, cha kulia kiendelee. Irudishe, kisha uchomoe nyekundu. Vipimo vyote viwili vikishuka au kubaki pamoja, bado hujapata stirio. Kisha punguza sauti mpaka vilele vifike karibu na -6. Sauti iliyopasuka wakati wa kurikodi haitengenezeki tena.

Ukisikia mvumo mzito usiokatika, aghlabu unatoka kwenye umeme. Kwa redio ya mkononi, chomoa chaja utumie betri.

Kaseti yenyewe

Safisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, uache kikauke. Peleka mkanda mbele mpaka mwisho na uurudishe, ulegee. Ukiona ukungu mweupe usiucheze, kwani utachafua deki na kaseti zitakazofuata.

Rikodi upande mzima bila kukatiza, na uhifadhi kwa WAV. Dakika moja ya stirio ni kama megabaiti 10, basi kaseti ya dakika 60 ni kama megabaiti 600. Flashi ya gigabaiti 32 itachukua kaseti zaidi ya 40. Weka nakala mbili, nyumba mbili tofauti.

Na mara umalizapo, mchezee bibi au babu. Muulize ni nani aimbaye, harusi ilikuwa ya nani, ni mtaa gani, ni mwaka gani, na uyaandike majibu kwenye jina la faili. Mkanda tunaweza kuuokoa kwa kadi ya sauti, lakini majina wanayo wazee peke yao.